Fedha Iliyolala Katika Mstari wa 30

Tarehe 15 Aprili, 2025, Serikali ya Marekani ilifunga mlango wa mwisho wa ile fedha ambayo ndugu zetu wengi waliiita pesa za korona. Mtu aliyekuwa na haki ya dola 1,400 za mwaka wa 2021, naye akawa hakupeleka fomu yake ya kodi hata siku ile, haki yake ilikufa na fedha ikabaki katika hazina. Mlango wa mwaka wa 2020 ulikuwa umekwisha fungwa kabla ya hapo, tarehe 17 Mei, 2024. Idara ya Kodi ya Marekani, iitwayo IRS, ilikuwa imetangaza mapema kwamba zaidi ya watu milioni moja hawajadai marejesho yao ya mwaka wa 2021, na kwamba fedha hiyo kwa jumla yapita dola bilioni moja. Yako mambo machache ya pekee ambayo sheria huyasamehe, lakini kwa mtu wa kawaida fedha hiyo imekwenda. Basi mtu akija nyumbani kwenu leo akisema kwamba ataifufua kwa malipo kidogo tu, mwonyesheni njia ya kutokea.

Msomaji aweza kuuliza: kodi ya Marekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Kiswahili kimevuka bahari. Wako Wakongo waliokaa miaka na miaka katika kambi ya Nyarugusu na ya Kakuma, wakapokewa Louisville, Lexington, Grand Rapids, Dallas na Portland ya Maine. Wako Wakenya na Watanzania waliotangulia kwenda kusoma na kufanya kazi. Ndugu hawa hukata nyama viwandani, hupakia mizigo maghalani, huuguza wazee, huendesha malori. Kila mshahara wao hukatwa kodi kabla haujawafikia mkononi. Na dola inayopotea huko huonekana huku, katika karo ya mtoto, katika mabati ya nyumba ya mama, katika deni la hospitali. Ndiyo maana hatuna budi kulisema jambo hili, tena kwa urefu.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako watu wasemao, na baadhi yao ni wazee tunaowaheshimu, kwamba fedha ile ilikuwa sadaka, na kwamba mwenye heshima zake haombi sadaka. Twasema hapana. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 27 Machi, 2020, iliiweka fedha hiyo katika sheria za kodi kuwa unafuu wa mlipa kodi: dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17. Sheria ya tarehe 27 Desemba, 2020, iliongeza dola 600 kwa kila mmoja wao. Sheria ya tarehe 11 Machi, 2021, ilitoa 1,400 kwa kila mtu, na safari hii iliwaingiza hata wategemezi wakubwa, yaani yule bibi akaaye kwa mwanawe na yule kijana wa miaka 19 aliye chuoni. Mwenye kipato kisichozidi dola 75,000, au 150,000 kwa mume na mke pamoja, alistahili kiasi kizima. Juu ya hapo kilipungua. Kile kilichotumwa benki au kwa posta kilikuwa malipo ya mbele tu. Aliyekosa, au aliyepunjwa, aliwekewa njia ya kudai katika fomu ya kodi iitwayo 1040, katika mstari wa 30, hata kama mwaka ule hakupata mshahara wowote.

Tena ushahidi kwamba ilikuwa haki wala si hisani ni huu: watu walioidai waliipata. Hapo mwanzo mke mwenye namba ya Hifadhi ya Jamii, ile ambayo ndugu zetu huiita soshali, alinyimwa kwa sababu tu alijaza fomu pamoja na mume asiye nayo. Watu walipiga kelele, na ile sheria ya Desemba 2020 ikaligeuza jambo hilo, hata yale malipo ya kwanza wakaweza kuyadai. Wafungwa nao IRS iliwaambia hawamo. Wakaenda mahakamani huko California mwaka huo huo wa 2020, wakashinda.

Sasa tuingie katika mstari wenyewe, maana hapo ndipo fedha nyingi zilipokwama. Tuchukue nyumba moja ya mfano. Baba, mama na watoto watatu walijaza fomu ya mwaka wa 2020. Katika masika ya 2021 wakatumiwa 1,400 mara tano, jumla dola 7,000. Mwezi wa Agosti mama akajifungua, na mwaka huo huo bibi akawa chini ya ulezi wao. Kwa hiyo haki yao ya mwaka wa 2021 ilikuwa ya watu saba, dola 9,800. Walichostahili kudai katika mstari wa 30 ni tofauti tu, dola 2,800. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tatu aiweza.

Lakini yalitokea haya. Mwanzoni mwa 2022 IRS iliwaandikia watu barua yenye namba 6475, kuwaambia walikwisha pata kiasi gani. Mume na mke waliojaza pamoja walipelekewa kila mmoja barua yake, na kila barua ilitaja nusu tu. Mume akaifungua ya kwake, akaona 3,500. Ya mke ilikuwa juu ya kabati haijafunguliwa. Wakaandika kwamba wamepokea 3,500, wakadai 6,300. Mashine ya IRS ikatazama daftari lake, ikaona 7,000, ikaitoa fomu ile katika mkondo wa haraka na kuiweka mezani kwa mtumishi aisome kwa macho. Na meza hiyo ilikuwa na mlima. Ripoti ya Mtetezi wa Walipa Kodi, ambaye ni afisa aliyewekwa kwa sheria ndani ya idara ile, ilisema katika Juni 2021 kwamba fomu zaidi ya milioni 35 zilikuwa zikingoja kushughulikiwa na mkono wa mtu. Simu milioni 167 zilipigwa katika msimu ule, na katika kila simu mia moja ni kama tisa tu zilizomfikia mtu wa kujibu.

Wengine walifanya kinyume. Waliogopa mstari ule, wakauacha mtupu au wakaandika sifuri, ilhali walikuwa wanadai. Kwa hao IRS ilifanya jambo jema, na jema lisemwe: tarehe 20 Desemba, 2024, ilitangaza kwamba itawalipa kwa hiari yake watu wapatao milioni moja waliopeleka fomu ya 2021 na kuuacha mstari huo bila kitu, jumla dola bilioni 2.4. Lakini tazameni sharti. Ni wale waliopeleka fomu. Asiyepeleka kabisa hakuwamo, kwa kuwa idara haikuwa na karatasi yake ya kuisahihisha.

Na wale walioletewa wakatupa? Katika mwaka wa 2020 karibu watu milioni 4 walipelekewa fedha yao katika kadi, ndani ya bahasha nyeupe isiyo na alama ya serikali. Bahasha ya namna ile huku kwetu ingefikiriwa ni tangazo la duka, na huko pia ilifikiriwa hivyo, ikaenda jalalani. Hapo hatuwalaumu watu. Serikali itumayo fedha katika bahasha ya tangazo isishangae ikitupwa.

Yako mambo mengine ambayo ni ya kwetu hasa, wala hayamo katika vitabu vya wenyeji wa kule. Moja ni jina. Mkongo au Mtanzania ana jina alilopewa na bibi yake, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la baba. Karani wa kambi aliandika hili mbele, karani wa uwanja wa ndege akaandika lile. Kadi ya soshali yasema hivi, karatasi ya mshahara yasema vile. Mashine ya kodi haijui kwamba wote ni mtu mmoja. Jina la ukoo lisipolingana na lile lililoandikwa pamoja na namba ya soshali, fomu hurudishwa au hukwama. Dawa yake si kubishana na IRS, ila ni kwenda ofisi ya Hifadhi ya Jamii jina litengenezwe kabla ya msimu wa kodi kuanza. Pia iko tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi ambao siku yao haikujulikana waliandikiwa tarehe 1 Januari. Mzazi akikumbuka tarehe ya kweli na kuiandika katika fomu, hali kadi ya uhamiaji yasema Januari, ameanzisha mgogoro kwa kusema kweli. Aandike iliyo katika karatasi, au aisahihishe karatasi kwanza.

La pili ni zito zaidi, nalo ni hili: mtoto ni nani? Kwetu mtoto ni yule unayemlea. Sheria ya kodi ya Marekani haikufika huko, ingawa si finyu kama watu wadhanivyo. Mtoto wa dada yako au wa kaka yako, akikaa nyumbani kwako zaidi ya nusu ya mwaka na kutimiza masharti ya umri na namba, aweza kuhesabiwa kama mtoto wako katika unafuu wa kodi. Watu wengi hawajui hivyo, wakaiacha haki yao. Lakini mtoto wa jirani uliyemwokota njiani wakati wa vita na kumlea tangu kambini, ambaye hukumwasili kisheria wala hukukabidhiwa na shirika la ulezi au mahakama, hahesabiwi hivyo. Aweza kuwa mtegemezi wako akikaa nawe mwaka mzima, na hiyo ni hesabu nyingine yenye fedha kidogo. Na mtoto aliyebaki Kakuma, ambaye unampelekea fedha kila mwezi bila kukosa, katika fomu ile hayupo kabisa, maana sheria yataka mtegemezi awe raia au mkaaji wa Marekani, au mkaaji wa Kanada au Meksiko. Twajua ni maneno machungu kumwambia mzazi. Lakini ni afadhali ayasikie kwetu kuliko kuyasikia katika barua ya serikali baada ya kulipwa na kula.

Tumeitaja barua ya serikali kwa sababu ya watu fulani. Katika miji tuliyoitaja hapo juu hutokea kila mwezi wa Januari madalali wa kodi. Wengine ni watu wetu wenyewe, wajua Kiswahili kizuri, huketi karibu na duka la vyakula vya kiafrika au hungoja nje ya kanisa. Husema: nipe karatasi zako, nitakuletea dola elfu nane, mimi nitachukua sehemu yangu. Mwenye kushika kazi na lugha hana wakati wa kuuliza. Dalali huongeza mtoto asiyekuwapo, au biashara isiyokuwapo, na katika mahali pa kutia sahihi yake huacha patupu, ionekane kwamba mwenye fomu alijaza mwenyewe. Kisha huandika namba ya akaunti yake badala ya yako.

Sheria ya Marekani yataka kila mtu anayelipwa kwa kujaza fomu ya mwingine awe na namba yake ya kazi kutoka IRS na aitie sahihi fomu hiyo. IRS yenyewe huwaonya watu wamwepuke mwenye kudai fungu la marejesho kuwa ujira wake. Hata hivyo katika majimbo mengi hapana sheria imtakayo mtu huyo afaulu mtihani wowote. Kinyozi katika majimbo hayo lazima awe na leseni. Mjazaji wa kodi halazimiki. Na uwongo ukifichuliwa, anayedaiwa si dalali, bali ni yule ambaye jina lake limo katika fomu. Arudishe fedha pamoja na faini na riba, na ikionekana kwamba alipuuza kanuni kwa makusudi huzuiwa miaka 2 asipate unafuu wa wenye mishahara midogo. Ikiwa ni udanganyifu, miaka 10. Unafuu huo kwa mwaka wa 2025 wafika dola 8,046 kwa nyumba yenye watoto watatu au zaidi. Hebu fikirini nyumba inyimwe fedha hiyo miaka kumi kwa ajili ya mtoto mmoja wa uwongo aliyebuniwa na mtu asiyetia sahihi.

Hapa twataka kusema wazi na viongozi wa vyama vyetu huko ughaibuni. Mna vyama vya kabila, vya wilaya, vya waliotoka kambi moja. Mwaweza kuchanga kwa siku tatu fedha ya kusafirisha maiti mpaka Bujumbura au Uvira, na hilo ni jambo la heshima kubwa. Lakini ni wangapi kati yenu waliokwisha pita katika kituo cha VITA, mahali ambapo watu waliojitolea, waliofundishwa na kupimwa na IRS, hujaza fomu bure kwa watu wa kipato cha chini na cha kati? Vituo hivyo hukosa watu wa kutafsiri. Chama chenye vijana watano wajuao Kiingereza na Kiswahili kingeweza kuwapeleka vijana hao wajifunze katika vuli, na kufikia Februari madalali wangekosa wateja. Ziko pia ofisi za msaada wa kisheria kwa walipa kodi wa kipato kidogo, zipatazo ruzuku ya serikali, nazo humsimamia mtu anapogombana na IRS kwa bure au kwa ada ndogo sana. Mwenye barua asiyoielewa aipeleke huko, asiitie droo.

Kwa IRS nasi tuna neno. Iko karatasi ndogo iitwayo Schedule LEP ambayo mlipa kodi huiambatanisha kuomba aandikiwe kwa lugha yake. Ina lugha 20 mbali na Kiingereza. Imo Kigujarati, imo Kikhmer, imo Kipolandi, na twafurahi kwa ajili ya wenyewe. Kiswahili hakimo. Idara hutoa wakalimani wa simu kwa lugha zaidi ya 350, na hilo ni jema kwa aliyebahatika kujibiwa simu, lakini madai na tarehe za mwisho huja kwa barua, wala hazisomwi kwa simu. Mtu aliyesahihishwa hesabu yake na mashine ana siku 60 tu za kukataa masahihisho hayo. Siku zikipita, nafasi hiyo ya kupinga hupotea. Siku 60 ni chache kwa mtu ambaye lazima kwanza amtafute mtoto wa shule wa kumsomea. Vyama vyetu, badala ya kunung'unika vikaoni, viwaandikie wabunge wa miji yao Kiswahili kiingizwe katika orodha hiyo.

Mpaka hapo litakapotendeka, msimu wa kodi haungoji. Kwa mwaka wa 2025 unafuu wa mtoto umefika dola 2,200, na sasa sheria yataka mzazi mwenyewe, au mmoja wa wazazi wajazao pamoja, awe na soshali, siyo mtoto tu. Fomu itumwe kwa kompyuta, maana zilizotumwa hivyo kwa kawaida hulipwa ndani ya siku 21, na za karatasi hukaa wiki nyingi. Lakini mwenye kudai unafuu wa mishahara midogo, au ile sehemu ya unafuu wa mtoto ilipwayo taslimu, asitazamie fedha kabla ya katikati ya Februari hata akiwahi vipi, kwa kuwa sheria ya 2015 yaizuia IRS kuiachilia. Dalali amwambiaye kwamba ataipata Januari anamkopesha fedha yake mwenyewe, na huo mkopo una bei.

Ikikawia, msipeleke fomu ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Hilo huzidisha kukawia. Ikija barua ya kuulizwa kama ni wewe kweli uliyepeleka fomu, ijibuni upesi, kwani mpaka hapo hapana kitakachosogea. Namba ya akaunti iwe ya kwenu, tena akaunti iliyo hai. Tangu tarehe 30 Septemba, 2025, Hazina ya Marekani imeanza kuacha kulipa marejesho ya watu kwa hundi za karatasi, kwa hiyo asiye na akaunti ya benki aifungue kabla ya kujaza. Mwenye kuhama kwenda kiwanda cha mji mwingine, kama ndugu zetu wengi wafanyavyo, apeleke fomu 8822 ya kubadili anwani mara tu afikapo. Na aliyefanya kazi mwaka wa 2023, akakatwa kodi, naye hajapeleka fomu yake mpaka leo, ana nafasi ya kudai marejesho hayo hadi tarehe 15 Aprili, 2027.